Kilima Ndani ya Jicho la Siwema

Katika nchi ya Mboni mtu hakuamkii mpaka umefumba macho. Ofisa wa mlangoni aliniambia, "Fumba," nikafumba. Akaweka vidole viwili juu ya kope zangu, akabonyeza taratibu, kulia kisha kushoto, kama mtu anayechagua mapera sokoni. Kisha akasema, "Bivu. Mzima. Karibu Mboni." Ndipo akaniuliza jina langu.

Sitaeleza nilivyofika huko, kwa sababu njia yenyewe haina la kusimulia. Nitaeleza niliyoyaona. Mimi ni mtu wa pembeni. Shule niliiacha darasa la tano, na hata kabla ya kuiacha nilikuwa nakaa nyuma karibu na mlango ili mwalimu asiniulize kitu. Kwa hiyo humu yamo mengi niliyoyasikia, na machache sana niliyoyasema.

Kila mgeni Mboni hupewa wenyeji. Wenyeji wangu walikuwa ndugu wawili, Siwema, mwanamke wa makamo anayesuka mikeka, na kaka yake Faki. Walikuja kunipokea wakiwa wameshikana kwa fimbo. Siwema alitangulia ameshika ncha moja, Faki nyuma ameshika ncha ya pili, na mguuni Faki alivaa njuga zilizolia kila alipopiga hatua. Niliambiwa kwamba hivyo ndivyo vipofu wanavyotembezwa kisheria, ili watu wawapishe.

Tukaanza kwenda. Mimi nilijiweka ubavuni kwa Siwema, nyuma kidogo, mahali ninapopenda kukaa.

"Kushoto kidogo, dada," Faki akanong'ona.

"Kuna nini?"

"Mbuzi."

"Wapi?"

"Karibu na goti lako. Haya, umeshampita. Sasa ngazi."

Siwema akapanda ngazi kwa tahadhari, akageuza kichwa chote huku na huku. "Na mgeni wetu yuko wapi?"

"Niko hapa, bibi," nikasema. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

"Mbona unajificha, mwanangu?"

Faki alicheka nyuma yetu. "Kipofu nimemwona, mwenye macho hajamwona. Usishangae, mgeni. Hii ndiyo Mboni."

Njiani akanieleza. Katika nchi yao uko ugonjwa wa kale unaokula macho polepole, bila maumivu, mpaka mtu anabaki gizani. Na sheria yao inasema ugonjwa huo ni ugumu. Jicho likiwa laini chini ya vidole, mtu ni mzima. Likiwa gumu, ni mgonjwa, na mgonjwa huandikwa kipofu siku hiyo hiyo, hata kama anaweza kutia uzi kwenye sindano.

"Langu ni ndimu mbichi," Faki akasema kwa majivuno. "Nauona unywele ulioanguka begani kwako, lakini siruhusiwi kuusema mbele ya baraza. Ushahidi wa kipofu haupokelewi."

Baadaye nilijifunza kwamba wabonyezi, yaani maofisa wa kubonyeza macho, husomea kazi yao kwa matunda. Pera bivu ni uzima. Ndimu mbichi ni ugonjwa. Tabu iko kwenye chungwa changa. Baraza lao lilijadili chungwa changa kwa muda mrefu hata waliouanza mjadala wakafa, wakauacha kwa watoto wao. Mwisho waliwabonyeza watu wote wa nchi, wakatazama wengi wana jicho la tunda gani, wakaweka mpaka hapo. Aliyevuka mpaka, mgonjwa. Asiyevuka, mzima. Nilimsikia kijana mmoja mbonyezi akisifia mpaka ule kana kwamba ulishuka na mvua.

Siku iliyofuata nilikaa na Siwema akishona mkeka. Sijawahi kuona mikono ya namna ile. Ukili, ule msuko wa majani ya mkindu, ulikuwa ukikimbia vidoleni mwake, mweusi, mwekundu, mweupe, na katikati ya mkeka maua yakajitokeza kana kwamba yalikuwemo tangu mwanzo. Lakini nilipotazama pembezoni, nilishtuka. Chane, vile vipande vya majani, zilikuwa zimeruka. Pindo lilikuwa limekwenda upande kama njia ya mlevi, na mahali pengine hapakuwa na pindo kabisa.

Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Bibi harusi mmoja alinirudishia mkeka wangu. Hakuniambia neno, aliuweka tu mlangoni akaondoka. Nikaupapasa mpaka nikafika kwenye pindo." Akaugeuza mkeka mapajani. "Watu hudhani ni giza. Giza ningelijua, ningepiga kelele. Hapana giza. Pembeni hapana kitu, basi. Dunia imekatwa pindo na mimi sikuuona mkasi. Nilikuwa nikidhani majirani wamekosa adabu siku hizi, mtu anakutokea ghafla puani bila hodi. Kumbe walikuwa wakija kwa mbali kama kawaida."

"Umewaambia maofisa?" nikauliza.

"Twende ukasikie mwenyewe."

Kuna dawa Mboni, maji ya jani fulani, wanayoita matone. Hulainisha jicho, na waliotumia mapema wengi wao hawakufika gizani. Lakini huwezi kuyabeba nyumbani. Unatiwa na ofisa, kituoni, baada ya kubonyezwa. Tulipofika, aliyekuwa zamu ni Bwana Ngwali, mkuu wa wabonyezi, mtu mrefu mwenye vidole vyembamba alivyovipaka mafuta na kuvifunika kwa kitambaa cha hariri, visije vikafa ganzi. Alimbonyeza Siwema kwa upole wa kweli.

"Pera bivu. Mzima. Anayefuata!"

"Bwana, nagonga milango."

"Milango mingi ya Mboni imejengwa vibaya."

"Siyaoni mapindo ya mikeka yangu. Naogopa, bwana."

"Woga si ugonjwa, mama."

Faki, ambaye alikuwa ameshatiwa matone yake na machozi yakimtiririka, akasema, "Mpe yangu. Mimi sina kazi nayo."

"Kipofu anyamaze."

"Nanyamaza, bwana. Ila kifungo chako cha pili kimefunguka, na mchuzi wa asubuhi umekudondokea hapo chini yake."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bwana Ngwali akafunga kifungo bila kutazama chini, na akarudia kwa sauti ile ile, "Anayefuata." Nilimtazama Siwema. Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama matone ndani ya chupa, moja kwa moja mbele yake, mahali pekee alipoweza kutazama. Njia yake ya kuona ilikuwa imebaki nyembamba kama bomba, na kila mwezi bomba lilizidi kubana. Likiziba, hakuna jani la kulizibua.

Tulipotoka hakwenda nyumbani. Alimwambia Faki ampeleke makaburini.

Hapo ndipo mshangao wangu ulipoanza, na haujaisha mpaka leo. Mboni wana makaburi ya watu kama sisi, lakini kando yake wana makaburi mengine, yamefagiliwa, yamepandwa asumini, na humo zimelala maana. Maana ya neno ikifa Mboni hawaitupi wala hawaicheki. Kila maana ya ugonjwa ina sanamu yake ya mti katika ukumbi wa baraza. Siku maana inapoonekana imekosea, sanamu yake huoshwa, huvikwa sanda, huchukuliwa kwa jeneza, na aliyeipenda zaidi ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Lakini mpaka izikwe, lazima itiiwe. Na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu mwenye maana hakubali haraka kuwa mfiwa.

Mama mmoja mnene mwenye ufagio ndiye mtunzaji wa pale. Alituonyesha kaburi la kwanza.

"Huyu ni Rangi. Wazee wetu walisema ugonjwa ni jicho kugeuka rangi ya maji ya bahari. Likiwa la kibuluu na kijani, basi."

"Walikosea?" nikauliza.

"Usiseme kwa sauti, binti, anasikia." Alikuwa anatania, lakini si sana. "Waliona kweli. Macho mengine hufika rangi hiyo. Ila waliuona mwisho wa ugonjwa wakadhani ndio mwanzo wake. Huyu wa pili ni Ukungu. Alichanganya ugonjwa huu na mtoto wa jicho, wakawachoma watu sindano pasipohitajika. Huyu aliumiza wengi. Kaburi lake nalifagia mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

"Aliyekosea sana ndiye asiyefaa kusahauliwa."

Siwema alipiga magoti kati ya makaburi yale akaupapasa udongo mtupu uliokuwa ukifuata. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Naitaka Ugumu ishitakiwe."

Raia yeyote wa Mboni anaweza kuishitaki maana. Wachache hufanya hivyo, kwa kuwa mshitaki akishindwa hawezi kurudi tena, wala hapewi tena nafasi ya kubonyezwa. Siwema akishindwa, hatayapata matone maisha yake yote. Faki alimwomba asubiri. Siwema akamwambia, "Kaka, nisubiri nini? Nawasubiri wanizike mimi kwanza?"

Baraza lilikaa Ijumaa, ukumbi umejaa hadi madirishani. Katikati ilisimama sanamu ya Ugumu, mkono mkubwa wa mpingo, vidole viwili vimenyooka. Bwana Ngwali alikaa kulia kwake. Kushoto alikaa mzee mwembamba aitwaye Tabibu Shaame. Huyu ndiye aliyebuni kioo chenye tundu. Mtu huchukua kioo kidogo kilichotobolewa katikati, hurusha mwanga wa taa ndani ya jicho la mwenzake, naye hutazama kupitia tundu lile. Kwa kioo hicho Tabibu Shaame alikuwa mtu wa kwanza Mboni kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Na alichokiona huko alikiandika. Katika jicho gumu kuna kilima chini kabisa, kimesukumwa na ugumu. Katika jicho laini, kilima kikionekana, ni cha kuzaliwa, hakina madhara. Maneno hayo ndiyo yaliyoifanya sheria ya ugumu kuwa na nguvu.

Sheria inataka anayetazama kwa niaba ya baraza awe mtu ambaye hajafundishwa. Wote waliokuwemo walikuwa wamefundishwa habari za kilima tangu utotoni. Wakanitazama mimi, nyuma, karibu na mlango.

Sijui nilivyofika mbele. Najua kwamba Tabibu Shaame aliweka kioo mkononi mwangu. Siwema aliketi kwenye kigoda, nami nikachuchumaa mbele yake, akanishika mkono wa kushoto. Nikaweka jicho kwenye tundu.

Mwanzoni palikuwa na weusi. Tabibu akasogeza taa kidogo, na jicho likafunguka.

Niliona nchi. Udongo wake mwekundu kama wa kwetu baada ya mvua, unang'aa, umelowa. Mito ilikatiza juu yake, mingine mipana, mingine myembamba kama uzi, na nilipoifuata yote ilitoka mahali pamoja, katika duara jeupe kama mwezi mchanga. Mto mmoja ulikuwa ukipiga, kidogo sana, ukipiga na kutulia. Ulikuwa moyo wa Siwema. Nikasahau haya yangu, nikasahau kwamba watu wananitazama. Nilikuwa natazama ndani ya mtu aliye hai, na yeye wakati huo huo alikuwa akinitazama, na pumzi yake ilikuwa inanigusa shavu.

"Unaona nini, mwanangu?" akanong'ona.

"Pazuri," nikasema.

"Mgeni aseme," akasema Bwana Ngwali. "Lile duara jeupe. Ni kilima au si kilima?"

Nikatazama tena, kwa muda. Duara lilikuwa pana, karibu lote jeupe, na mito ilijikunja ukingoni mwake. Ningependa sana kusema walichohitaji Siwema na Faki. Lakini nilichokiona nilikiona. Lilikuwa limetokeza, kama mgongo wa sahani iliyopinduliwa.

"Kilima," nikasema.

Ukumbi ulivuta pumzi. "Mmesikia," akasema Bwana Ngwali. "Jicho ni laini, kilima ni cha kuzaliwa. Mwanamke ni mzima."

Siwema aliuachia mkono wangu. Hakuuachia kwa hasira. Aliuweka tu gotini kwangu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Ndipo Tabibu Shaame aliposimama.

"Mgeni hajasema uongo. Ameona nilichokiona mimi miaka yote. Tumekosea sote wawili."

"Tabibu," akasema Bwana Ngwali, "kilima ni chako. Wewe ndiye uliyekiandika."

"Ni changu. Nisikilizeni. Mke wangu Mize alikuwa akivunja vikombe. Akigonga meza. Nilimbonyeza macho kila asubuhi kwa vidole vyangu mwenyewe, kwa mapenzi, nikamwambia, bivu, mke wangu, mzima. Alikufa haoni. Kabla hajafa aliniambia, 'Nikifa ufungue jicho langu, Shaame, ukatazame kilima chako.' Mnajua hatufungui macho ya wafu. Nililifungua. Nikachukua sindano, nikaishusha juu ya kilima, nikitaraji ncha igote ipande." Akaonyesha kwa kidole hewani. "Ilizama."

Akashusha mkono, akaugeukia ukumbi.

"Ni shimo. Kupitia tundu mtu hutazama kwa jicho moja, na jicho moja halijui kina. Mwanga umetucheza. Pale penye duara ndipo zinapokusanyika nyuzi zote za kuona, maelfu kwa maelfu, kila uzi umebeba kipande chake cha dunia. Nyuzi zikifa, mahali pake panabomoka. Zinazobeba pembezoni hufa mwanzo. Katika jicho la mke wangu shimo lilikuwa limekula karibu duara zima, na jicho lake lilikuwa laini mpaka siku ya mwisho. Ugonjwa si ugumu. Ugonjwa ni kufa kwa nyuzi."

Bwana Ngwali alivua kitambaa cha hariri vidoleni. Nilidhani atagomba. Akauliza polepole, "Basi mimi nimebonyeza nini maisha yangu yote?"

"Umebonyeza kitu cha kweli, ndugu yangu. Kwa watu wengi ugumu ndio unaochimba. Na katika yote yanayochimba, huo tu ndio ambao dawa yetu inaweza kuugusa; hata kwa mwenye jicho laini, ukililainisha zaidi shimo huchelewa. Lakini usiuite jina la ugonjwa."

"Na mimi?" Faki akapaza sauti huku njuga zikilia. "Mimi na ndimu zangu? Si kipofu?"

Tabibu akachukua kioo, akamtazama muda mrefu. "Nyuzi zako zipo zote. Huenda shimo lisichimbwe kamwe. Bado hujawa mgonjwa."

"Hiyo 'bado' siipendi, tabibu."

"Wala mimi. Kwa hiyo utakuja kutazamwa kila mwaka mpaka ufe."

Baraza likakubali, na Ugumu ikazikwa siku ile ile. Niliyaona mazishi ya maana, na watu walilia kweli, wanaume wazima walioishi kwa vidole vyao. Sanamu iliposhushwa, Bwana Ngwali ndiye aliyepewa udongo wa kwanza. Aliutupa. Kisha akazuia mikono ya wachimbaji. "Msiifunike yote," akasema. "Bado inafanya kazi." Wakakubaliana. Udongo ukajazwa mpaka kwenye vifundo vya vidole, na vile vidole viwili vya mpingo vikaachwa nje ya kaburi, vimenyooka, hadi leo watu huvigusa wakipita kwenda kutiwa matone.

Kabla watu hawajatawanyika nilimwona Tabibu Shaame akipima ardhi kando ya kaburi lile, kwa miguu yake, anaweka kijiti hapa, kijiti pale. Nikamuuliza mama mwenye ufagio anafanya nini.

"Anachagua mahali pa kuzikwa Shimo."

"Lakini Shimo imezaliwa leo!"

"Ndiyo. Maana ikizaliwa, aliyeizaa huichagulia kaburi siku hiyo hiyo. Asipofanya hivyo hatuipokei."

Nilimtazama mzee yule akisimama katikati ya vijiti vyake, juu ya udongo mtupu, na sikuwahi kumwona msomi mkubwa kuliko yeye.

Siwema alitiwa matone jioni. Alipofungua macho aliuliza swali moja. "Mapindo yangu yatarudi?"

"Hapana, mama," Tabibu Shaame akamwambia. "Kilichobomoka hakijengeki. Tunakilinda kilichobaki."

Kisha akasema, "Katikati nimebakiwa napo?"

"Umebakiwa napo."

"Maua yapo katikati," akasema.

Siku zilizofuata alishona mikeka myembamba kuliko ya zamani, na Faki, amevuliwa njuga na analalamika kwamba sasa atalazimishwa kufanya kazi, alikaa upande wake akimwambia ukili umefika wapi. Pindo lilinyooka. Wakati mwingine waligombana juu yake, na nilipenda kuwasikiliza.

Siku ya kuondoka kwangu walinisindikiza hadi mlangoni. Ofisa alikuwa anawaaga watu kwa desturi mpya, bila kuwabonyeza macho, bado hajaizoea, hajui mikono aiweke wapi. Mimi nilikuwa nimesimama nilipozoea, ubavuni, nyuma kidogo, tayari kuteleza bila kuagwa. Siwema akageuza kichwa chote, kushoto, kulia.

"Mgeni wangu yuko wapi? Ameshaondoka?"

Faki alinitazama, na safari hii hakunong'ona chochote.

Nikasogea. Nilipita mbele ya ofisa, mbele ya foleni yote, nikasimama mbele ya uso wake, katikati kabisa, nikamwacha anitazame kwa kadiri alivyotaka.